Ari Pekee Haitoshi: Mazoezi, Lishe na Uzito wa Mwili Nyumbani

Kila mwaka mpya uingiapo, watu wengi mijini na hata vijijini huazimia kupunguza uzito. Hutafuta viatu vya kukimbilia, huapa kuacha vitumbua na soda, na huamka alfajiri kabla ya majirani. Katika juma la kwanza mizani huwaletea habari njema. Katika juma la nne wengi wao wamekwisha kurudi kitandani. Ari ya namna hiyo ina jina lake katika Kiswahili: nguvu ya soda. Hupanda kwa kishindo na povu, kisha ikatulia. Jirani husema kuwa mtu huyo ni mvivu, na baada ya muda yeye mwenyewe huamini hivyo.

Hukumu hiyo si ya haki, na wala haiafikiani na sayansi. Aghalabu aliyeshindwa hakukosa ari. Alichokosa ni utaratibu uliopangwa ndani ya nyumba yake, tena alijipima kwa kipimo kisichofaa. Jambo hili yafaa lifundishwe shuleni waziwazi, kwa sababu gharama ya kulipuuza inazidi kuwa kubwa.

Uzito wa tatizo

Mwaka 1989 ulitangazwa uchunguzi uliofanywa katika vijiji vya Tanzania, ambao ulionyesha kwamba watu wazima wenye ugonjwa wa kisukari hawakufika hata 1 kati ya 100. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012, uliohusu watu wa umri wa miaka 25 hadi 64, ulikuta karibu 9 kati ya 100 wana sukari nyingi kupita kiasi katika damu, na kiasi cha mtu 1 kati ya 4 ana uzito uliozidi. Chunguzi hizo mbili hazikufanywa kwa njia moja, kwa kuwa mmoja ulihusu vijiji tu na wa pili ulihusu nchi nzima. Hata hivyo tofauti ni kubwa mno kuweza kuelezwa kwa njia za upimaji peke yake.

Wako watakaosema kwamba katika nchi ambamo watoto wangali wanadumaa kwa lishe duni, kuzungumzia unene ni anasa. Ukweli ni kwamba matatizo haya mawili huweza kukaa chini ya paa moja: mtoto aliyedumaa na mzazi mwenye kitambi na shinikizo la damu. Yote mawili hutokana na mlo usiokuwa na uwiano, yaani wanga mwingi, mafuta na sukari, na uhaba wa mboga, matunda, maharage na samaki.

Mwili hujitetea

Sababu ya kwanza inayoivunja ari ni kutofahamu jinsi mwili unavyofanya kazi. Mtu apunguzapo chakula, mwili kwanza hutumia akiba ya wanga iitwayo glaikojeni, iliyowekwa katika ini na misuli. Kila gramu ya glaikojeni huhifadhiwa pamoja na gramu 3 hivi za maji. Akiba hiyo ikitumika, maji nayo hutoka, na ndiyo maana mizani hushuka upesi siku za mwanzo. Baada ya hapo hubaki kazi ya kupunguza mafuta yenyewe, na kazi hiyo ni ya polepole. Asiyejua hivyo hudhani kwamba juhudi zake zimekwisha kufanya kazi, kumbe ndiyo kwanza zinaanza.

Zaidi ya hayo, mwili huichukulia njaa kuwa ni hatari. Katika miaka ya 1944 na 1945, Ancel Keys na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, waliwapunguzia chakula wanaume 36 wenye afya, waliojitolea, kwa muda wa majuma 24. Watu hao walipoteza kiasi cha robo ya uzito wao. Miili yao ilipunguza matumizi ya nishati. Wakahisi baridi, wakachoka, na wengine wakawa hawana fikra nyingine ila chakula, hata wakawa wanasoma vitabu vya mapishi kwa saa nyingi. Waliporuhusiwa kula tena, njaa yao haikutoshelezwa kwa urahisi. Hawa walikuwa vijana waliochaguliwa kwa uthabiti wao, na hakuna awezaye kuwaita wavivu.

Sehemu ya maelezo ya jambo hilo ilipatikana mwaka 1994, pale Jeffrey Friedman na wenzake walipogundua homoni iitwayo leptini. Homoni hii hutolewa na mafuta ya mwili ili kuuarifu ubongo kiasi cha akiba kilichopo. Mafuta yakipungua, leptini hupungua, na ubongo huamrisha njaa. Basi anayejinyima ghafula na kwa ukali hushindana na ubongo wake mwenyewe, na mashindano hayo ni wachache wanaoyashinda.

Mazoezi si adhabu ya kula

Sababu ya pili ni kuyapa mazoezi kazi isiyo yao. Wengi hudhani kwamba kukimbia ni njia ya kufuta chakula kilicholiwa jana. Hesabu haikubaliani nao. Mtu wa kilo 70 akitembea kwa haraka nusu saa, hutumia nishati ya kilokalori 150 hivi. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kilokalori 120. Chupa ya soda yenye gramu 35 za sukari ina kilokalori 140. Mwendo wote wa nusu saa huliwa na soda moja kwa dakika tano.

Hata mtu atembeaye mchana kutwa hatumii nishati bila kikomo. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walitangaza matokeo ya kuwapima Wahadza, wawindaji na wachumaji wa pande za ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania. Wanaume walitembea kiasi cha kilomita 11 kwa siku, na wanawake karibu kilomita 6. Hata hivyo, ukubwa wa mwili ulipozingatiwa, jumla ya nishati waliyoitumia kwa siku haikuwa tofauti na ile ya watu wa Marekani na Ulaya wanaoshinda vitini. Wataalamu wangali wanajadili maelezo kamili ya matokeo hayo, lakini funzo moja ni dhahiri: anayetegemea mazoezi peke yake kumpunguzia kilo nyingi huenda akavunjika moyo.

Je, mazoezi ni kazi bure? Hasha. Mwaka 1953 Jerry Morris na wenzake walilinganisha madereva na makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva alikaa kitini siku nzima, hali kondakta alipanda na kushuka ngazi kukusanya nauli. Makondakta walipatwa na ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva. Mazoezi huimarisha moyo, hushusha shinikizo la damu, huisaidia misuli kupokea sukari kutoka katika damu, huleta usingizi na huchangamsha nafsi. Kadhalika humsaidia aliyekwisha kupungua asirudie uzito wa zamani. Faida hizi huweza kupatikana hata mizani isipotikisika. Mwenye kujipima kwa kilo peke yake huyaacha mazoezi katika saa ileile yanapomfaa.

Mazoea huzidi azimio

Ikiwa azimio huchoka, ni kitu gani kisichochoka? Jibu ni mazoea. Katika uchunguzi wa Chuo Kikuu cha London kiitwacho University College, uliochapishwa mwaka 2010, watu 96 walichagua tendo moja dogo la kufanya kila siku baada ya jambo fulani la kawaida, kama vile kutembea baada ya chakula. Ilikadiriwa kuwa tendo hilo lilichukua siku 66 hivi, kwa makadirio ya kati, kuwa la kujiendea bila kufikiriwa. Wengine walihitaji siku 18, na wengine zaidi ya 250. Kuikosa siku moja hakukuharibu kitu cha maana.

Matokeo haya yana mafunzo matatu. Kwanza, tendo lifungwe katika jambo ambalo tayari hufanyika nyumbani: baada ya swala ya alfajiri, baada ya kuosha vyombo, au baada ya taarifa ya habari ya jioni. Anayesema atafanya mazoezi akipata nafasi, nafasi hiyo haiji. Pili, tendo liwe dogo kiasi cha kutoogopwa. Dakika 10 za kuruka kamba uani, au mwendo wa haraka hadi sokoni, huweza kuongezwa hadi kufikia dakika 150 kwa juma, kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani liliwashauri watu wazima mwaka 2020. Tatu, aliyekosa siku moja aendelee kesho yake bila kujilaumu, kwani wengi huangushwa zaidi na lawama kuliko na siku waliyoikosa.

Jikoni ndiko penye uamuzi

Nyumbani mtu mmoja hali peke yake. Sufuria ni moja, na mara nyingi sinia ni moja. Mama au baba anayeambiwa apikiwe chakula chake mbali huongeza gharama na kazi, na baada ya siku chache huona haya na kurudi kwenye sinia. Kwa hiyo mabadiliko yafanywe katika sufuria ya watu wazima wote wa nyumba, na mzigo wake usiachiwe mpishi peke yake.

Mfano mmoja watosha. Familia ya watu wazima 5 humimina mafuta kwa kukisia, yakafikia vijiko vikubwa 10 kwa chungu kimoja. Mafuta yakipimwa na kuwa vijiko 5, kila mlaji hupunguziwa kilokalori 120 kwa mlo huo. Kwa siku 30 hizo ni 3,600. Kwa kuwa kilo moja ya mafuta ya mwili ina kilokalori 7,700 hivi, upungufu huo wakaribia nusu kilo katika mwezi wa kwanza, ingawa baadaye mwendo hupungua kadiri mwili unavyojirekebisha. Hakuna aliyelala na njaa, hakuna aliyetumia ushujaa wowote, na fedha ya mafuta imebaki. Bandu bandu huisha gogo.

Kwa kanuni hiyohiyo, chupa ya maji iwekwe mezani mahali pa soda, matunda yakae mbele ya macho na biskuti zisinunuliwe kwa akiba, na mboga na maharage vijaze nusu ya sahani kabla ugali au wali haujapakuliwa. Mtu hula kilicho karibu naye. Aliyepanga jiko lake mara moja hahitaji kupigana na nafsi yake mara tatu kila siku.

Wajibu wa shule

Hapa ndipo walimu wanapohusika. Wanafunzi wangali wanakua, nao wasiingizwe katika kujinyima chakula. Kipimo cha uwiano wa uzito na urefu kitumiwacho kwa watu wazima hakiwafai bila majedwali ya umri wao, na mwenye shaka apelekwe kituo cha afya. Mahitaji yao ni mlo kamili na michezo kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Mtu mzima anayetumia dawa za kisukari au za shinikizo la damu naye amwone mganga kabla ya kubadili mlo wake kwa kiasi kikubwa.

Baya kuliko yote ni dhihaka. Mwanafunzi anayeitwa bonge mbele ya wenzake hujificha wakati wa michezo, na hivyo hunyang'anywa dawa ileile anayoihitaji. Mwalimu anayecheka pamoja na darasa amefundisha somo baya la biolojia.

Tanzania imewahi kuonyesha njia iliyo bora zaidi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Hawakuambiwa tu wawe na ari. Walipewa saa maalumu, kikundi, na kazi ya kufanya kwa mikono, kama vile kuchimba vyoo. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Magonjwa ya leo ni mengine, lakini kanuni ni ileile: saa iliyopangwa, wenzi wa kushirikiana nao, na tendo linaloonekana.

Basi darasa la sayansi laweza kuanza na daftari. Kila mwanafunzi achague pamoja na watu wa nyumbani kwake tendo moja, kama kupima mafuta kwa kijiko au kutembea baada ya chakula cha jioni, na kwa majuma 10 aandike siku zilizotimizwa na zilizokosa. Kilo zisiandikwe. Mwisho wa muhula wanafunzi wachore grafu, walinganishe nyumba na nyumba, na wajadili ni kwa nini tendo fulani lilidumu na jingine likafa. Watagundua wenyewe kwamba nyumba zilizodumu si lazima ziwe zile zilizoanza kwa kishindo. Ujuzi huo, ukiingia nyumbani kupitia kwa mtoto, utawafaa wazazi kuliko lawama.