Mpanda: kungoja mfadhili ni hasara

Dar es Salaam kampuni changa ya teknolojia husifiwa kwa fedha ilizopewa na wawekezaji. NALA, iliyoanza mwaka 2017, ilitangaza mwaka 2024 kupata dola milioni 40. Habari kama hizo zikifika Mpanda, vijana huandika maombi ya ufadhili, kisha hungoja. Kungoja huko ndiko kunakowagharimu.

Mwekezaji wa aina hiyo anataka biashara itakayokua mara nyingi katika miaka michache. Soko la Katavi la mpunga, mahindi, tumbaku na asali ya Inyonga halina mwendo huo. Linakwenda kwa msimu. Anayenunua magunia matano ya mpunga wakati wa mavuno, akayatunza hadi bei ipande na kurudisha faida ghalani, anakua polepole, lakini duka ni lake.

Mji wenyewe unaujua mtaji wa mbali. Reli kutoka Kaliua ilifika mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Mwaka 1960 mgodi ulifungwa. Wenye fedha waliondoka, na reli ikabaki kubeba abiria na mazao ya wenyeji.

Hata fedha za serikali si za kutegemea peke yake. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ilisitishwa Aprili 2023, ikarejeshwa mwaka 2024. Kikundi kilichoitegemea kilipitisha msimu mzima mikono mitupu.

Njia iliyo karibu zaidi ni kazi za mtandaoni: kutafsiri, kutunza hesabu, kuandika programu kwa mteja wa Nairobi au Ulaya. Mteja hulipia kazi, hadai hisa. Wanaoisifu kazi hii, hata hivyo, husahau kutaja bei ya dola. Mwaka 2024 dola ilivuka shilingi 2,700, kisha kabla mwaka kwisha ikawa chini ya 2,500. Kazi ya dola 200 ilipungua kwa zaidi ya shilingi 40,000, na mfanyakazi hakukosea lolote. Tena mwenye mteja mmoja tu ni kibarua asiye na mkataba. Umeme nao una historia yake: kwa miaka mingi Mpanda iliwashiwa taa na majenereta ya dizeli.

Kwa hiyo malipo hayo yafaa yahesabiwe kama mavuno, sehemu yake ikageuzwa bidhaa mapema. Asali ni mfano mzuri. Ikiuzwa kwa ndoo, mchuuzi ndiye hupanga bei. Ikichujwa vizuri, ikatiwa chupani na kubandikwa lebo, muuzaji ana la kusema mbele ya mwenye duka wa Dar es Salaam. Chupa za kwanza zinaweza kulipiwa na tafsiri ya mwezi mmoja. Za awamu ya pili zilipiwe na asali yenyewe.