Tusikariri Isoma, Tuziangalie

Sisi vijana wa Nyakiriba tunasema wazi: ile 2 kipeo n inatuponza kwenye mtihani. Chukueni pareto, inayolimwa huku chini ya volkano. Sumu yake ya wadudu, pairethrini I, ina bondi maradufu 4 za kaboni kwa kaboni. Aliyekariri ataandika 16. Hapana jamani! Moja imebanwa ndani ya pete ya kaboni 5. Moja inaishia na haidrojeni mbili, nyingine na methili mbili. Ukizigeuza hakuna kinachobadilika. Inabaki 1 tu, basi isoma 2. Na heksa-2,4-dayini? Ni 3, si 4: ncha zinafanana, kwa hiyo sisi-transi na transi-sisi (si sisi vijana!) ni kitu kimoja. Nyie mnaojitolea kutufundisha, mtuelezee hivyo kwa Kiswahili kwanza, ndipo mtugawie maswali.