Bei Itajwe Kabla ya Kipimo

Vijana wenzangu, na nyinyi wa mashirika mnaotusoma, leo naomba tuongee pesa ya hospitali. Si ile ya wafadhili, ni ile ya kaunta, ile mama anaifungua kwenye ncha ya kitenge.

Mimi niko mapokezi kwenye kliniki ndogo ya binafsi hapa Nairobi, upande wa Kayole. Naandika majina, napokea malipo, natafsiri kwa Wakongomani na Warundi wenzangu. Msimamo wangu ni huu: mgonjwa aambiwe bei kabla ya kila hatua, si mwishoni.

Sisi tuliotoka Bukavu au Uvira tumezoea kununua fishi mlangoni. Mtu akilipa ada ya daktari hapa, anafikiri amefika mbali. Kumbe maabara ni kivyake, dawa kivyake, sindano kivyake. Anatoka kutoa damu, anaambiwa jumla, anasema "nakuja, naenda kuchukua pesa nyumbani", na harudi. Majibu yanabaki kwenye droo. Jioni yuko duka la dawa ananunua vidonge vinne vya antibiotiki, nusu dozi, kwa kubahatisha. Halafu tunasema wakimbizi hawalipi!

Wenye kliniki wananiambia ukitaja bei mapema mgonjwa atakimbia. Ndiyo, wengine wataenda. Lakini anayejua bei anaweza kuuliza, "Dada, nina mia tano tu, tuanze na nini?" Hapo daktari anachagua: leo kipimo cha malaria, kile kingine kisubiri. Kwangu mimi hilo ndilo swali zuri kuliko yote yanayoulizwa kaunta, na haliwezi kuulizwa kama bei imefichwa. Itajwe kwa sauti ya kumfikia yeye, isifike kwenye benchi. Mzee wa watu hapendi jirani asikie amepungukiwa mia mbili.

Kuna na hii ya simu. Wengi wetu laini si ya jina letu, imesajiliwa kwa rafiki au mwenye nyumba, kwa sababu ya shida za vitambulisho. Malipo ya M-Pesa yakiingia, jina ni la mtu mwingine kabisa. Karani mkali anasema hujalipa. Dawa yake ni rahisi: andika namba ya muamala kwenye risiti, pembeni ya jina la mgonjwa. Na risiti itoke hata kwa shilingi hamsini. Mkalimani asishike pesa hata kidogo, hata kama ni mtoto wa kanisani kwenu. Nimeona "chai" ikipita mkono huo.

Tena, vijana, mjue sheria. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 inaeleza kwamba dharura ni pamoja na kumtuliza mgonjwa hali yake na kumpangia rufaa. Kwa hiyo mama anayevuja damu haanzi kwenye kaunta, anaanza kitandani. Deni linabaki deni, lakini mtu hawi rehani. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ilisema wazi kwamba kuwazuilia wanawake wawili katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani kwa sababu ya bili kulivunja haki zao. Lile jambo la mzazi kukaa wodini wiki nzima akisubiri ndugu wachange, ambalo kule kwetu tulishalizoea, hapa usilikubali kimyakimya.

Sasa nyinyi wa mashirika, msinikasirikie. Barua zenu zinatuumiza. "Tafadhali msaidieni mwenye barua hii." Msaidieni kwa nini? Nani analipa? Mgonjwa amepanda matatu mbili akiamini barua ni pesa, na mimi ndiye ninayemwambia siyo, kwa Kiswahili chake, mbele ya watoto wake. Andikeni huduma gani mnalipia, mwisho shilingi ngapi, na namba ya mtu atakayepokea simu. Na awe anapokea hata Ijumaa jioni, maana homa za watoto wetu zinapanda usiku wa Jumamosi.