Hesabu Hutangulia Chombo

Wenzetu wengi wa Kidato cha Pili wanataka kuiacha Fizikia, ati kwa kuwa maabara yetu haina vyombo. Mimi siafikiani nao.

Baina ya nyota za galaksi yetu imetanda gesi ya hidrojeni, haba mno: kwa wastani yapata atomu moja katika kila sentimita ya ujazo. Mwaka 1944 kijana wa Uholanzi, H. C. van de Hulst, nchi yake ikiwa imetawaliwa na Wajerumani, alipiga hesabu akaona kwamba gesi hiyo yaweza kutoa mawimbi ya redio ya sentimita 21, mafupi kuliko rula zetu. Mwaka 1951 Harold Ewen, mwanafunzi wa Harvard, na mwalimu wake Edward Purcell waliyanasa kweli. Baadaye mawimbi hayo yakatumika kuchora ramani ya mikono ya galaksi yetu. Haba na haba hujaza kibaba.

Sisemi vyombo si kitu. Ewen alikuwa navyo. Lakini hesabu ilivitangulia kwa miaka saba, nayo yahitaji kalamu na karatasi tu. Hivyo tunavyo. Basi, ndugu zangu, msiiache Fizikia. Nanyi wazazi, msiwavunje moyo.