Dorothy hakuwa akiota
Juzi usiku mpwa wangu mdogo alinuna filamu ya The Wizard of Oz ilipokwisha: kwa nini msichana Dorothy, baada ya safari yake nchini Oz, aambiwe alikuwa anaota? Nilifurahi kumsikia. Katika kitabu cha L. Frank Baum cha 1900, Oz ni nchi ya kweli na viatu vya Dorothy ni vya fedha. Filamu ya 1939 ilivifanya vyekundu ili ving'ae kwa rangi. Hilo nalikubali, na wimbo wa Judy Garland, aliyeigiza Dorothy, ambao ulikaribia kukatwa kwenye filamu, naupenda mno. Lakini aliyetembea kwa miguu yake haambiwi alikuwa kitandani. Kumgeuzia mtoto safari yake kuwa ndoto ni kumnyang'anya ushujaa. Baum hakumfanyia Dorothy hivyo: mwaka 1910 alimhamishia Oz moja kwa moja, pamoja na mjomba na shangazi yake.