Nakala ya Akiba Haikai Ndani ya Kompyuta

Ukimwuliza mtu mwenye kompyuta nyumbani kwake, hapa Nachingwea au kule Ruangwa, kama ana nakala ya akiba ya kazi zake, mara nyingi atajibu, "Ninayo," kisha atakuonyesha flashi iliyochomekwa ubavuni mwa kompyuta. Imekaa pale tangu siku aliyoinunua, kama kupe kwenye sikio la ng'ombe. Wengine wana diski ya nje, kubwa na ya thamani, nayo vilevile haijapata kuchomolewa. Maoni yangu ni kwamba watu hawa hawana nakala. Wana kazi moja iliyoandikwa mara mbili mahali pamoja, na adui akiingia atazikuta zote mbili. Naomba nafasi katika gazeti letu nieleze sababu zangu, maana jambo hili limekwisha kuwafikia watu wa huku kwetu Marambo, wala si habari ya Ulaya tu.

Adui ninayemsema ni zile programu za hila ambazo tunaweza kuziita virusi vya komboleo. Virusi tulivyovizoea vilikuwa vikificha mafaili au kuijaza flashi takataka, na fundi akaviondoa kwa muda wa nusu saa. Hivi vingine havina mchezo. Hulichukua kila faili, barua, picha, hesabu, na kuliandika upya kwa maandishi ya siri, kisha huacha ujumbe usemao: lipa fedha nasi tutakupa ufunguo. Siri yenyewe ikiwa imetengenezwa barabara, hakuna fundi wa mjini wala wa Dar es Salaam awezaye kuifumbua kwa kukisia. Tena virusi hivi havikai mahali pamoja. Hupita katika kila chumba ambacho kompyuta inakiona: diski yake ya ndani, flashi, diski ya nje, na hata kompyuta nyingine iliyounganishwa nayo. Vingi huanza kwa kufuta zile nakala ambazo Windows hujiwekea yenyewe, ili mwenye mali asipate pa kushika.

Wizi wa namna hii una miaka mingi, na historia yake inagusa Afrika ya Mashariki. Desemba 1989 zilitumwa kwa posta kutoka London diski karibu 20,000, zikaenda nchi nyingi, na baadhi ya waliopelekewa ni watu waliohudhuria mkutano wa Shirika la Afya Duniani juu ya UKIMWI. Nje zilionekana kuwa diski za mafunzo ya ugonjwa huo. Lakini kompyuta ikiisha kuwashwa mara 90 hivi, majina ya mafaili yalivurugwa, na mwenyewe akaambiwa apeleke dola 189 katika sanduku la posta huko Panama. Aliyeshitakiwa alikuwa Joseph Popp, Mmarekani, mtaalamu wa viumbe aliyepata kuchunguza nyani katika nchi ya Kenya. Mahakama ya Uingereza haikumhukumu, maana ilionekana kuwa akili yake haikuwa sawa. Kwa bahati njema siri yake ilikuwa nyepesi, na watu wakatengeneza dawa upesi. Wezi wa siku hizi wamesoma hesabu zaidi yake.

Sasa nije kwetu. Yuko mama mmoja jirani yetu ambaye hufanya kazi ya kuchapa nyumbani kwake. Huchapa kadi za harusi, ratiba za mazishi, barua za kuomba kazi, na yeye ndiye mwandishi wa kikoba cha kina mama 30. Hisa za kila mmoja, mikopo, marejesho, na faini za waliochelewa, vyote alikuwa akiviweka katika kompyuta, na nakala katika flashi. Siku moja kijana alimletea programu ya kutengeneza picha, ile ya kuibwa ambayo haihitaji kulipiwa, akaiweka. Kesho yake kila faili lilikuwa na mkia mpya katika jina lake na halikufunguka. Alimwita fundi.

"Mama, nakala ya akiba unayo?"

"Si hiyo flashi, mwanangu? Imo humo humo."

Fundi akaitazama, akakuta mafaili ya flashi nayo yana mkia ule ule.

Fedha zenyewe za kikoba hazikuibiwa hata senti. Kilichoibwa ni kumbukumbu ya nani anamdai nani. Mweka hazina alikuwa na daftari lake la mkono lililofika mwezi wa Mei, na mpaka hapo hapakuwa na ugomvi. Lakini miezi iliyofuata ilitegemea kompyuta, na mikutano miwili mizima ilikwisha kwa kuapizana. Mama mmoja aliyesema amekwisha rudisha mkopo wake hakuaminiwa, naye akajitoa. Hayo ndiyo madhara ninayotaka wasomaji wayapime, maana watu husema, "Mimi si benki, nani atanitaka?" Mwizi huyu hachagui benki. Hutega njiani, na kila apitaye hunaswa.

Wako wasemao kwamba dawa ni kulipa. Aina moja ya virusi hivi iitwayo STOP, au Djvu, ambayo imewasumbua sana watu wa majumbani na ambayo huenezwa hasa kwa programu za wizi kama ile ya jirani yetu, ilizoea kudai dola 980, na nusu yake kwa atakayelipa ndani ya saa 72. Nusu hiyo ni dola 490, zaidi ya shilingi milioni moja. Mkulima mdogo wa ufuta aitoe wapi katika siku tatu? Na hata akiitoa, anamlipa mtu asiyemjua, asiyeweza kumshitaki, ambaye hana haja ya kutimiza ahadi. Kwa hiyo mimi nasema kulipa si dawa.

Wengine husema wana programu ya kuzuia virusi. Ni vema kuwa nayo, na ni vema kuiacha Windows ijisahihishe, ingawa wengi wetu huzuia jambo hilo ili bando lisiliwe. Tarehe 12 Mei 2017 virusi viitwavyo WannaCry vilienea katika nchi zaidi ya 150, na huko Uingereza hospitali zililazimika kurudisha wagonjwa. Dawa ya kuziba tundu lile ilikuwa imetolewa na Microsoft mwezi wa Machi, miezi miwili kabla. Walioumia ni wale ambao hawakuiweka. Walakini mlango mzuri hauondoi haja ya akiba. Kila siku virusi vipya hutungwa, na mlinzi huvijua baada ya mtu fulani kuumizwa navyo.

Basi akiba ikae wapi? Mababu zetu hawakulala na mashaka juu ya swali hili. Mahindi ya kula yalikwenda ghalani, lakini ya mbegu yalichaguliwa yangali na maganda yake, yakatundikwa juu ya jiko katika moshi, na mbegu nyingine zikatiwa katika kibuyu kilichozibwa mdomo. Panya au bungua akiingia ghalani alikula cha ghalani tu. Hakuna mzee aliyeweka mbegu juu ya lundo la chakula akasema nimeweka akiba.

Makampuni makubwa ya dunia, yenye mafundi wengi, yalilisahau jambo hili. Tarehe 27 Juni 2017 virusi viitwavyo NotPetya vilianzia Ukraine vikaipata kampuni ya meli ya Maersk ya Denmaki, ambayo makontena yake twayaona katika bandari zetu. NotPetya vilidai fedha kwa uongo tu, maana aliyelipa hakuweza kufunguliwa. Maersk ilikuwa na kompyuta kuu karibu 150, katika nchi mbalimbali, zenye orodha ya watumiaji wote na ruhusa zao, na bila orodha hiyo kazi isingeweza kuanza tena. Kila moja ilikuwa akiba ya mwenzake. Lakini zote zilikuwa zimeunganishwa, zikinakiliana mchana na usiku, kwa hiyo zilianguka pamoja. Ilisalia moja tu, katika ofisi ya Ghana. Ilisalia kwa sababu umeme wa huko ulikuwa umekatika kabla ya virusi kufika, nayo ikawa haionekani katika mtandao. Mtandao wa Ghana ulikuwa mdogo mno kwa kupeleka kazi ile Uingereza, na watumishi wa huko hawakuwa na viza ya Uingereza. Basi mmoja alisafiri kwa ndege mpaka Naijeria, akamkabidhi mwenzake diski katika uwanja wa ndege, naye akaipeleka London. Kampuni ilitaja hasara ya dola milioni 250 hadi 300, na kwa muda wa siku 10 iliweka upya kompyuta 45,000. Sisi tulalamikao kila TANESCO inapokata umeme tuna haki ya kucheka kidogo hapa.

Bahati ya Ghana mtu aweza kujifanyia mwenyewe kwa mkono wake. Achomeke diski mara moja kwa juma, anakili, achomoe, aiweke kabatini. Akiwa na uwezo awe na mbili za kupokezana, moja ikae kwa ndugu au katika nyumba nyingine, maana moto na wezi wa kawaida hawajaisha duniani. Picha za marehemu, vyeti, na mambo yasiyobadilika yachomwe katika DVD ya kuandikwa mara moja; zile zipo bado katika baadhi ya stesheneri, na virusi haviwezi kuandika juu yake. Kabla ya kuchomeka diski ya akiba, mtu atazame kwanza kama mafaili ya kompyuta yanafunguka sawasawa, asije akaipeleka mbegu kwa panya. Na mara moja moja aifungue nakala ile katika kompyuta nyingine, ajue ni nzima.

Walio na akiba katika mtandao, kama Google Drive, wasijione wamemaliza. Ile inayojinakili yenyewe hunakili pia uharibifu: faili likifungwa nyumbani, la mtandaoni nalo hubadilishwa. Ni kweli kwamba Google huweka sura za zamani za faili kwa siku 30, na aliyewahi huweza kuzirudisha moja moja. Ni msaada, lakini una kikomo.

Na aliyekwisha kupatwa asifute mafaili yaliyofungwa. Azime mtandao, achomoe kila kilichochomekwa, ayaweke yale mafaili kando. Oktoba 2019 wataalamu walitoa bure dawa ya aina 148 za Djvu, na walioyatunza mafaili yao waliyapata. Tangu mwaka 2016 uko mpango uitwao No More Ransom, ulioanzishwa na polisi wa Uholanzi na Europol pamoja na makampuni mawili, ambao hukusanya funguo kama hizo bila malipo. Mafaili ya jirani yetu bado hayajapata ufunguo, naye ameyaweka.

Nimalizie na shule yetu. Alama za kazi zetu za darasani, ambazo huhesabiwa pamoja na mtihani wa Kidato cha Nne, nyingi zimo katika kompyuta za walimu wetu wenyewe, majumbani kwao. Naomba kwa heshima kwamba daftari za alama zilizoandikwa kwa mkono zisitupwe baada ya kuingizwa katika kompyuta. Karatasi haitekwi, ingawa mchwa wa Marambo ni hodari, na kabati liwe la chuma. Naomba pia shule inunue diski mbili, moja ikae ofisini kwa Mkuu wa Shule na nyingine kwa makamu wake. Ikiwa kikao cha walimu kitaona mbili ni gharama kubwa, tuanze na moja, ichomekwe kila Ijumaa saa nane mchana, na ichomolewe kabla ya kengele ya kwenda nyumbani.