Anayeficha Ufa Hana Budi Kujibu

Tarehe 12 Mei, 2017, wafanyakazi katika hospitali nyingi za Uingereza waliwasha kompyuta zao wakakuta majalada yamefungwa, na mahali pake limebandikwa dai la fidia ya dola 300. Wagonjwa waliokuwa wakingojea kupasuliwa waliambiwa warudi nyumbani. Magari ya wagonjwa yakaelekezwa kwingine. Kwa muda wa siku chache tu kirusi hicho, kilichoitwa WannaCry, kilienea katika nchi zipatazo 150 na kuzishambulia kompyuta zaidi ya 200,000. Haikupigwa hata risasi moja.

Dunia ikaanza kumsaka mhalifu. Desemba mwaka huo Marekani iliinyoshea kidole Korea ya Kaskazini, nayo ikakana. Lakini swali lililo kubwa zaidi liliachwa kando: ni nani aliyeuchonga ufunguo uliotumiwa na mwizi?

Ufunguo huo ulitokana na ufa uliokuwamo katika programu ya Windows, ambayo huendesha kompyuta nyingi za maofisini duniani. Kama magazeti ya Marekani kwenyewe yalivyofichua, Shirika la Usalama wa Taifa la nchi hiyo liliujua ufa huo kwa miaka kadhaa. Badala ya kumwarifu mtengenezaji auzibe, liliugeuza silaha ya kupenyea kompyuta za wengine. Aprili 2017 kundi lililojiita Shadow Brokers liliianika silaha hiyo hadharani. Haukupita mwezi, ikawafikia wagonjwa vitandani. Rais wa Microsoft, Brad Smith, alilifananisha jambo hilo na jeshi kuibiwa makombora yake.

Juni mwaka huo huo, ufa ule ule ulitumiwa tena katika shambulio la NotPetya, lililoanzia Ukraine na kusambaa duniani. Marekani na Uingereza zililishutumu jeshi la Urusi, Urusi ikakanusha. Kampuni ya meli ya Maersk ya Denmark ilikadiria hasara ya hadi dola milioni 300, na ilifaulu kuufufua mtandao wake kwa sababu nakala moja muhimu ilisalimika Ghana, ambako umeme ulikuwa umekatika. Ikiwa tajiri mkubwa kiasi hicho aliokolewa na bahati, zahanati ya kijijini itaokolewa na nini?

Unafiki wa mambo haya hauna kificho. Mwaka 2015 wataalamu wa nchi 20, zikiwamo Marekani, Urusi na China, pamoja na Kenya, Ghana na Misri, walikubaliana katika Umoja wa Mataifa kwamba nchi zisiharibu mitambo inayotegemewa na raia, na kwamba zihimize kutolewa kwa taarifa za nyufa za namna hiyo. Mkono mmoja ulitia saini. Mkono mwingine ulificha ufunguo mfukoni.

Wapo wanaodai kwamba kosa ni la waliozembea, kwa kuwa marekebisho yalikwisha kutolewa tarehe 14 Machi. Hoja hiyo ina chembe ya ukweli, na kila mtumishi anayetunza majalada ya umma, na kila mwalimu anayehifadhi matokeo ya wanafunzi, hana budi kuizingatia. Lakini wenye kompyuta za zamani za Windows XP walipewa marekebisho hayo bure baada ya maafa kutokea. Na ni akina nani hubaki na mitambo mikuukuu, kama si wanyonge?

Mkataba wa Malabo wa Umoja wa Afrika kuhusu usalama wa mitandao ulipitishwa mwaka 2014, ukaanza kutumika mwaka 2023 tu. Miaka tisa ni mingi mno kwa bara lisilo na ngao. Nchi za Afrika zikiketi katika mabaraza ya dunia zisiridhike na mihadhara juu ya wezi wa mitandao. Zidai jambo moja lililo wazi: serikali inayogundua ufa iutangaze kwa mtengenezaji ili uzibwe, na inayouficha ibebe dhamana ya madhara yake. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Anayeufua na kuuacha njiani asijifanye hajui umemchoma nani.